Choki za Chumba cha Maua

Khaemba alikuwa fundi wa stima, na hakuna kitu alichokiogopa duniani kama stima. Majirani zake wa Kawangware walidhani ni mzaha. Walimwona juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, akichungulia sanduku la fyuzi kama mtu anayechungulia shimo lenye nyoka, wakacheka. Yeye hakucheka. Hakugusa waya kabla ya kuzima, na akishazima alipima, na akishapima bado aligusa kwanza kwa mgongo wa vidole, kwa sababu mkono ukipigwa na stima upande wa nje huruka, lakini ukipigwa upande wa kiganja hufumba na kushika, na ukishashika hauachii.

Hayo alifundishwa na Kalasinga mmoja mzee, fundi wa kontrakta aliyekuwa akivuta nyaya katika viwanda vya Nairobi miaka ile ya kwanza ya uhuru. Khaemba alikuwa ametoka Kimilili kutafuta kazi yoyote, akapewa sururu achimbe mitaro ya kebo. Mzee alimwona hana papara, akamtoa mtaroni na kumpa ngazi aishike. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukinyoosha mkono kwenye waya ambao hujaupima, alikupiga mkono huo kwa mpini wa koleo, na kazi ikaendelea. Khaemba alipigwa sana mwanzoni. Baadaye hakupigwa tena, akawa fundi.

Ogola alikuja nyuma yake, mtu mrefu kutoka Ugenya, mcheshi, mwepesi wa kupanda na mwepesi wa kusahau. Khaemba ndiye aliyemfundisha kazi, naye hakutumia koleo, alitumia mdomo. Walipanga chumba kimoja kule Sarang'ombe, Kibera, wakasonga ugali katika sufuria moja na kuvaa koti moja kwa zamu. Khaemba alipomleta mkewe Lenah kutoka nyumbani na kuhamia Kawangware, Ogola ndiye aliyebeba kitanda kichwani kutoka Kibera, akiimba njia nzima mpaka watu wakatoka nje kutazama. Nekoye, mtoto wa kwanza wa Khaemba, alijifunza kutembea akishikilia vidole vya Ogola.

Kontrakta alipofunga kazi na kuhama nchi, wale wawili waliweka meza yao kando ya soko la Toi, chini ya kipande cha bati, wakawa wanatengeneza pasi, redio, mota za posho mill za kusagia unga, na choki za taa. Choki ni kile chuma kizito chenye koili ndani kinachokaa kati ya stima na taa ya mrija, au ile taa kubwa ya zebaki. Taa za namna hiyo zikipewa stima bila kizuizi hupasuka. Choki ndiyo inayoishika stima isiingie kwa fujo. Lakini katika kuishika, choki yenyewe hupata moto, na ikifungwa mahali pabaya moto huo hutafuta pa kwenda.

Kisha ukaja mwaka wa njaa, ule ambao mvua ilikataa kabisa na watu wakala unga wa njano kutoka ng'ambo. Pasi hazikuletwa kutengenezwa. Mtu asiye na unga hana haja ya kunyoosha shati. Wakati huo ndipo Lenah alipopata kibarua katika kampuni moja ya maua, upande wa Dagoretti, mahali angeweza kwenda kwa miguu. Kampuni hiyo ilikuwa na ghala la zamani la kahawa ambalo sasa lilipandwa miche. Maua yale yana tabia yake: siku ikiwa fupi yanachanua, siku ikiwa ndefu yanaendelea kutoa majani na vikonyo vya kupandwa. Kwa hiyo kampuni ilitaka siku iwe ndefu mle ndani, jua litake lisitake.

"Baba Nekoye," Lenah alisema siku moja akirudi kazini, hata kabla ya kuvua kitambaa kichwani, "wanatafuta mafundi waweke taa katika ile stoo. Taa nyingi. Nimewaambia mume wangu ni fundi."

Alisema kwa fahari, na Khaemba alikumbuka sauti ile miaka mingi.

Alikwenda na Ogola. Waliyemkuta pale ni msimamizi, Bwana Nzomo, mtu nadhifu aliyevaa kofia ya majani na kutembea haraka kama kila mlango unataka kufungwa usoni mwake. Aliwaonyesha ghala. Sakafu ilikuwa ya saruji, imelowa kutoka ukuta hadi ukuta, kwa sababu miche hunyunyiziwa maji siku nzima. Rafu za chuma zilisimama kwa safu, trei juu ya trei. Juu kulikuwa na mbao kavu za zamani zenye vumbi la kahawa. Na katika njia nyembamba kati ya rafu, wanawake walipita na mikebe ya maji, Lenah miongoni mwao, wengi wakiwa miguu mitupu.

Khaemba alitazama mbao kule juu, kisha ile miguu mitupu sakafuni. Halafu akaeleza atakavyofunga. Choki zote zikae nje, katika ukumbi mkavu, kwenye ubao wa mabati, kila moja iachane na mwenzake ili zipumue. Kila taa ipate choki ya saizi yake, si kuokoteza tu. Nyaya zishuke kidogo na kupinda kabla ya kuingia ndani, ili maji yakitiririka juu ya waya yadondoke chini yasiingie kwenye viungo. Swichi kubwa iwe nje, karibu na mlango, mtu yeyote aweze kuifikia. Na kutoka kila kifuniko cha taa, na kila rafu, utoke waya wa kijani uende mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini, ili stima ikitoroka ipate njia ya kwenda isiyopitia mwili wa mtu, na fyuzi ikatike mara moja.

Nzomo alisikiliza akitazama saa yake.

"Choki ziwe nje, taa ndani? Hizo ni nyaya kiasi gani? Na hiyo shaba ya kuzika ni ya nini? Tunapanda maua hapa, hatuziki mtu."

"Bwana Nzomo, hapa ni maji na vyuma. Choki moja ikiharibika, rafu yote inakuwa stima."

"Zifunge kule juu kwa mbao, karibu na taa. Hiyo ndiyo njia fupi."

"Zitachoma mbao. Na zikichoma waya kwanza, ni mbaya zaidi. Hakuna waya wa kijani wa kuipeleka stima ardhini."

"Ndege ya kupeleka maua Ulaya haingojei waya wa kijani," Nzomo alisema. "Unafunga ama hufungi?"

"Namna hiyo sifungi."

Khaemba akakusanya vifaa vyake, akabeba ngazi begani, akatoka. Hakutazama nyuma, kwa sababu hakuwa na shaka kwamba Ogola yuko nyuma yake. Alipofika getini akatua ngazi na kugeuka. Hakukuwa na mtu. Akangoja. Askari wa geti akampa kiti, akakataa. Mwishowe Ogola akatoka, mikono mitupu, vifaa vyake ameviacha kule ndani.

"Omera, ndugu yangu, rudi," Ogola alisema. "Tufunge tu vile wanataka. Baadaye tutarekebisha polepole."

"Baadaye ya lini?"

"Bibi yangu Adero ako karibu kujifungua. Wewe bibi yako ako na kazi hapa. Mimi nyumba nzima inaniangalia macho."

"Nilikufundisha nini, Ogola?"

Ogola alitazama chini, akasugua mchanga kwa ncha ya kiatu.

"Ulinifundisha kazi," alisema. "Hukunifundisha kukaa bila kazi."

Khaemba akabeba ngazi yake akaenda. Tangu siku hiyo meza ya Toi ikawa ya mtu mmoja.

Jioni alimwambia Lenah aache kibarua. Lenah alikuwa akichekecha ule unga wa njano, ambao ulikuwa na harufu ya gunia hata ukiupika vipi. Hakuacha kuchekecha.

"Wewe umeacha yako asubuhi. Mimi niache yangu jioni. Halafu kesho watoto waache kula?"

"Nimeona kile chumba, Lenah. Si kizuri."

"Basi ungekifunga vizuri."

"Wamekataa kununua vitu."

"Ungekaa ubishane nao. Ungekaa kwa huo mlango wao mpaka wachoke na wewe. Wewe ulibeba ngazi."

Khaemba akaona mkewe hakumwelewa, na Lenah akaona vivyo hivyo kwa upande wake. Hawakurudia mazungumzo hayo. Alichofanya Khaemba ni kumtafutia gambuti kuukuu za mpira sokoni, akaziba matundu kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, akamwagiza: usiingie mle bila hizi. Taa zikiwaka, usishike rafu. Ukisikia choki inanguruma kuliko kawaida, toka nje kwanza, uliza baadaye. Lenah aliitikia kila neno, na kwa muda alifuata. Lakini kazi ile haiwezekani bila kushika rafu, na kila mtu mle ndani alizishika. Gambuti zilipopasuka tena kisiginoni, Khaemba alisema atatafuta nyingine. Hakutafuta. Hata yeye alikuwa ameanza kusahau.

Kwa sababu hakuna kilichotokea. Taa ziliwaka, miche ikastawi, maua yakapakiwa kwenye maboksi na kwenda Ulaya. Ogola akaajiriwa kabisa, akapewa koti la buluu lenye jina la kampuni mgongoni. Adero akajifungua salama. Wakikutana njiani Ogola alisalimia, "Sasa, Khaemba," na Khaemba alijibu "Poa" kwa midomo tu. Wenye meza jirani pale Toi walimtania: huyu ndiye fundi aliyekimbia taa. Ulikuwa utani mdogo, lakini alikuwa anaubeba hadi nyumbani.

Na hapo moyoni mwake kukaota kitu ambacho hakumwambia mtu. Alianza kutaka kitokee. Si kikubwa. Cheche tu, moshi kidogo, choki moja iungue na kunuka, watu watoke mbio wakiwa wazima, Nzomo ashike kichwa, Ogola aje Toi kusema ulikuwa sawa. Alipokuwa akisokota koili peke yake aliiona picha hiyo na ikampa raha. Alijua mkewe yumo mle ndani. Alijua, na bado aliitazama picha hiyo kila siku, lakini akamtoa mkewe humo kabla moshi haujaanza.

Siku kilipotokea, lori la kampuni lilisimama kando ya soko asubuhi, na mwanamke mmoja akaruka kutoka mbele kabla halijatulia. Alikuwa Syokau, aliyefanya kazi safu moja na Lenah. Nguo yake ilikuwa imelowa maji hadi kiunoni.

"Baba Nekoye, twende hospitali," alisema. "Anapumua. Nakuambia kwanza anapumua."

Ndani ya lori alieleza. Lenah alikuwa akinyunyizia trei za nyuma. Mkono mmoja ulikuwa na mkebe, mwingine akashika nguzo ya rafu ili afikie mbali. Syokau hakusikia ukelele. Alisikia mkebe ukianguka. Alipogeuka alimwona mwenzake amesimama wima, amekauka, macho wazi, mkono umeng'ang'ania chuma. Syokau akamvuta nguo, stima ikamtupa yeye chini. Akapiga mayowe. Ogola alikuwa uani, akaingia mbio akikanyaga trei, mpaka mwisho wa ghala ambako swichi ilikuwa, akazima. Ndipo Lenah akaanguka.

Khaemba hakuhitaji kuelezwa mengine. Choki juu ya mbao ilikuwa imepika waya wake taratibu, mpira ukayeyuka, waya wa moto, ule unaobeba stima, ukalalia kifuniko cha taa, kifuniko kikaning'inia kwa mnyororo, mnyororo ukashika rafu. Na stima ikakaa pale, imenyamaza, ikingoja mtu mwenye miguu iliyolowa. Aliona yote kama aliyekuwepo. Tofauti na ile picha yake ya kila siku, mkewe hakuwa ametolewa kwanza.

Lenah aliishi. Daktari alisema ni bahati kubwa. Lakini kiganja cha kulia kilikuwa kimeungua hadi ndani kwenye mishipa inayovuta vidole, na kilipopona vidole vilibaki vimekunjamana kama vya mtu aliyeshika kitu. Hakuweza kuvinyoosha wala kuvikaza. Hakuweza kushika mwiko wala jembe, wala kusuka nywele za bintiye. Siku za kwanza alijaribu kila kitu kwa siri, Khaemba akisikia sufuria zikianguka akiwa nje ya mlango, akangoja kidogo kabla ya kuingia.

Jumapili moja alikwenda Sarang'ombe. Alikwenda kumpiga Ogola. Hakuwa na nia nyingine. Adero alifungua mlango akiwa na mtoto titini, akamwona uso, akapisha bila salamu. Ogola alikuwa ameketi kitandani na fulana tu. Alikuwa amekonda.

"Ni wewe ulifunga," Khaemba alisema.

"Ni mimi nilifunga."

"Nilikuambia. Mbele ya huyo Nzomo wako nilisema, na wewe ukiwa hapo."

"Ulisema." Ogola akainua macho. "Na mimi ndiye nilizima. Ningekuwa mbali kidogo tu, saa hii ungekuwa umezika. Hiyo nayo uiseme ukisema hiyo ingine."

Khaemba alikuwa na ngumi tayari. Lakini neno lile lilikuwa kweli, na hakujua mtu hupigaje mkono uliozima stima mkewe akiwa ameshikwa. Mtoto alianza kulia. Khaemba akatoka, akatembea mpaka Kawangware bila kujua amepitia wapi, na hasira yake yote akarudi nayo nyumbani kama alivyokwenda nayo.

Baadaye wakaguzi wa serikali wakaja kwenye kampuni. Syokau ndiye aliyemletea Khaemba habari. Wakaguzi waliuliza fundi aliyefunga taa ni nani. Nzomo akajibu kwamba kazi ilianzwa na fundi wa nje aitwaye Khaemba, aliyekimbia katikati bila kumaliza, na kosa lilitoka kwake.

"Na Ogola?" Khaemba aliuliza.

"Alikuwa hapo."

"Alisema nini?"

Syokau alikunja khanga yake. "Alikuwa anaangalia viatu."

Habari zilitembea. Pale Toi utani uliisha, ikawa afadhali ungebaki. Mwanamke mmoja mwenye hoteli ndogo, aliyekuwa mteja wake wa miaka, alichukua pasi yake ikiwa bado haijatengenezwa, akasema ataitafutia mtu mwingine, bila kumtazama. Nyuma yake walimwita fundi aliyechoma bibi yake. Khaemba alifikiria kuzunguka kila meza akieleza, lakini maelezo yalikuwa marefu na jina lile lilikuwa fupi.

Lenah hakupewa kazi tena. Kampuni ilisema mtu wa mkono mmoja haiwezi kumtumia, ikamlipia matibabu, ikaliita hilo huruma.

Kisha siku moja gari dogo la kampuni likasimama mbele ya meza ya Khaemba. Nzomo hakushuka. Aliteremsha kioo.

"Wakaguzi wamefunga ile stoo," alisema. "Miche inachanua ovyo mle ndani, inakuwa hasara. Wanataka ile kazi yako, ile ya shaba na choki nje. Njoo uifanye. Vitu vyote vimenunuliwa."

Khaemba alimtazama. Alikuwa na maneno ya mwaka mzima ya kumwambia mtu huyu.

"Syokau na wale wengine watarudi mle ndani?" aliuliza.

"Si ndio kazi yao?"

Akaenda. Alijiambia anakwenda kwa ajili ya Syokau, na ilikuwa kweli. Alijiambia pia anakwenda kwa sababu ya unga, na hiyo nayo ilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na sababu ya tatu ambayo hakupenda kuiangalia. Mikono yake ilitaka kuifanya kazi ile. Ilikuwa imeifunga mle kichwani tangu siku ya kwanza, waya kwa waya.

Alizima swichi kubwa, akatoa fyuzi zote akaziweka mfukoni mwake, asiwepo mtu wa kuwasha yeye akiwa juu. Akapima. Akagusa kwa mgongo wa vidole. Kila taa ya zebaki ilikuwa na kile kikopo kinachobaki na stima hata baada ya kuzima, kwa hiyo alikimaliza nguvu kimoja kimoja kabla ya kukifungua. Zile choki za juu alizishusha; nyingine zilikuwa nyeusi kwa chini, na ubao uliozishika ulikuwa na alama za moto zenye umbo lao. Akajenga ubao wa mabati kule ukumbini, akazipanga kwa nafasi, akazifunga kwa skrubu moja moja mpaka hazitikisiki. Nyaya zikapinda na kudondosha maji mahali alipotaka. Fimbo ya shaba iligongwa ardhini karibu na bomba, kwenye udongo usiokauka, na waya wa kijani ukatoka humo ukapita rafu kwa rafu, taa kwa taa, bila kuruka hata moja.

Ogola ndiye aliyemshikia ngazi. Nzomo alikuwa amemwamuru. 

"Khaemba," Ogola alisema siku moja kutoka chini. "Ile siku ya wale wakaguzi..."

"Nipe bisibisi," Khaemba akasema.

Ogola akampa.

Kazi ilipokwisha, mkaguzi alipima, akaridhika. Akampongeza Nzomo na kumshika mkono. Nzomo akawaita wanawake waingie. Syokau alisimama mlangoni, akagusa rafu ya kwanza kwa ncha ya kidole, akakiondoa haraka, akagusa tena, akaacha mkono pale. Khaemba alimwona, na kitu kama furaha kikampanda kifuani, akaona aibu nayo. Ogola akabaki fundi wa kampuni. Khaemba hakuulizwa kama angependa kubaki.

Lenah alikuwa hajui ni kazi gani. Khaemba alikuwa amemwambia ni kazi ya Dagoretti tu. Alipomweleza, Lenah alikuwa akijifunza kumenya viazi kwa mkono wa kushoto, kiazi amekibana kwa magoti. Aliweka kisu chini.

"Ulifunga vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Ilichukua muda mrefu?"

"Hapana. Siku chache."

"Siku chache," Lenah alisema. "Na hiyo shaba walinunua?"

"Walinunua."

Akachukua kisu tena. Nje watoto walikuwa wakiruka kamba, na kamba ilikuwa ikipiga vumbi.

"Nilipokuwa mle ndani," alisema, "ulibeba ngazi ukatoka. Sasa mimi nimetoka, umebeba ngazi ukaingia."

"Lenah, wakati ule walikataa. Sasa wamekubali. Na Syokau angerudi mle ndani..."

"Syokau ni rafiki yangu. Nimefurahi hataungua. Lakini mimi ndiye nilikuwa bibi yako."

Khaemba alijua kwamba hakukosea kukataa. Alijua hata leo angekataa tena. Lakini alijua pia kwamba siku ile getini hakufikiria sana juu ya Lenah. Alifikiria kazi mbaya ambayo hataki iwe na mkono wake. Na mkono wake haukuwemo kweli. Ulikuwemo wa Lenah. Angeweza kueleza hayo kwa fundi mwingine, pengine. Kwa mwanamke aliyebana kiazi kwa magoti hakuyasema, akainama kuokota maganda.

Shule zilipofungwa, Lenah alisema anawapeleka watoto Kimilili kwa mama mkwe wake, hapa mjini hawezi kufua wala kuteka maji. Hakusema anamwacha mtu. Khaemba aliwasindikiza hadi kwenye basi, akafunga mizigo juu mwenyewe. Shule zilipofunguliwa hawakurudi. Nekoye akaandikishwa huko huko.

Khaemba alibaki Kawangware. Meza ya Toi aliiacha, akawa anatembea mtaa kwa mtaa na mfuko wa vifaa, kule ambako jina lake halikujulikana. Alifunga stima katika nyumba za watu wengi waliokuwa wanaipata kwa mara ya kwanza, na popote alipofunga alizika waya ardhini hata mwenye nyumba akilalamika. Ogola alikutana naye mara mbili tatu miaka iliyofuata. Walisalimiana.

Krismasi alipanda basi kwenda nyumbani. Mama yake alimpokea kwa vigelegele, watoto wakamning'inia. Lenah alitoka jikoni akamwambia, "Karibu, Baba Nekoye," akamletea maji ya kunawa, akammiminia kwa mkono wa kushoto bila kumwaga hata tone. Alimpikia kuku. Alimtandikia kitanda kwa shuka safi, naye akalala na binti zake chumba cha pili. Aliuliza habari za Nairobi, za majirani, za Syokau. Hakukunja uso hata mara moja. Alimtendea vizuri, kama mgeni anavyotendewa katika nyumba yenye heshima.

Asubuhi, walipokuwa wanakunywa chai, alimwongezea kikombe, akaketi, akauliza basi la kurudi Nairobi linaondoka siku gani.